Matope ya Gazi Yanatudai Nini?

Leo asubuhi, kabla hujatoka nyumbani, umeua viumbe wengi kuliko idadi ya watu wa Kaunti ya Kwale. Ulipiga mswaki, ukanawa uso kwa sabuni, labda ukamwaga dawa chooni. Hakuna aliyekuita muuaji, na hakuna anayepaswa kukuita hivyo. Bakteria hana ubongo, hana neva, hana cha kuumia nacho. Kwa hiyo mtu akija akakuambia kwamba uchafu wetu unawadhulumu bakteria walio ndani ya matope ya mikoko kule pwani ya kusini, una ruhusa ya kucheka kidogo. Kudhulumu? Bakteria?

Cheka, lakini usiondoke. Swali lenyewe ni gumu kuliko linavyosikika, na Kwale ni mahali pazuri pa kuliuliza, maana huko kuna vijiji ambavyo vitabu vya shule na maji ya mfereji vimelipiwa, kwa sehemu, na kazi ya hao vijidudu.

Tuanze na matope yenyewe. Gazi iko upande wa Msambweni, kusini mwa Diani, kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Ghuba yake ina zaidi ya hekta 600 za mikoko, na mito miwili, Mkurumudzi na Kidogoweni, inamwaga maji humo. Akina mama wa kijiji wana njia yao ya mbao inayopita juu ya matope, na mgeni anatembezwa huku akionyeshwa mkoko, mkandaa, mchu, mlilana. Kitu cha kwanza ambacho mgeni kutoka Nairobi analalamikia ni harufu. Yai bovu kabisa. Anashika pua na kuuliza kama kuna choo kimepasuka mahali.

Hakuna choo kilichopasuka. Hiyo ni pumzi ya matope. Ukishapita sentimita chache za juu, humo ndani hamna oksijeni. Wewe na mimi tungekufa. Wao wana mbinu nyingine. Maji ya bahari yana salfeti kwa wingi, na kuna bakteria wanaoitumia salfeti hiyo kama sisi tunavyotumia oksijeni. Wanavunjavunja majani na mizizi iliyokufa, kisha wanatoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo udongoni, matope yanakuwa meusi tii. Karibu na mizizi kuna wengine wanaoteka naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea ya mti. Wengine wanafanya kinyume: naitrojeni iliyozidi wanairudisha hewani. Mwaka 2021 Edith Muwawa na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS ONE uchunguzi wa DNA ya bakteria wa kwenye udongo wa mizizi ya mikoko ya Gazi na ya Mida Creek. Yaani si stori za vijiweni. Kuna mji mzima humo chini, na watu wameanza kuandika majina ya wakazi.

Cha kushika zaidi ni mwendo wao. Kupumua kwa salfeti kunaleta nguvu kidogo kuliko kupumua kwa oksijeni, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Jani linaloanguka leo haliliwi lote. Sehemu yake inazikwa. Mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, kaboni inarundikana humo. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko iko chini ya miti, sio kwenye miti. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hapa hata vilivyozama vimeundwa.

Gazi walijifunza hili kwa njia ngumu. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki uwanja mtupu kwa miaka mingi bila mti kurudi wenyewe. Mwaka 1991 watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni: hekta 117 zinalindwa, na kaboni yake, takriban tani 3,000 kwa mwaka, inauzwa kwa wanunuzi wa nje. Pesa zinaingia kwenye maji, shule na mahitaji mengine ya kijiji. Mwaka 2017 mradi ukapata Tuzo ya Equator ya UNDP. Baadaye Vanga na majirani zake wakafuata njia hiyo hiyo.

Sasa tuingize uchafu wetu. Ukunda na Diani zimekua haraka. Hoteli, nyumba za wageni, ploti za kupangisha, lakini hakuna mabomba ya majitaka ya mji mzima. Kila mmoja ana shimo lake, na mara nyingi shimo limechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, lenye matundu kama sifongo. Ukimsikia mwenye nyumba akijisifu kwamba mwaka wa kumi huu hajawahi kuita lori la kunyonya choo, jiulize vile vitu vinaenda wapi. Vinashuka kwenye maji ya chini ya ardhi, yale yale tunayoyavuta kwa visima, halafu taratibu vinafika baharini. Mito nayo inateremsha vyake kutoka bara: mbolea ya mashamba, sabuni, dawa ya wadudu, mabaki ya antibiotiki tulizomeza na kukojoa.

Wengi wetu tunadhani uchafu huu unaua bakteria wa matope. Mara nyingi sivyo. Kwa wengi wao, majitaka ni pilau. Wanazaliana kwa fujo. Kinachobadilika ni nani anatawala na anafanya kazi gani. Naitrojeni ikizidi sana, wale wanaoirudisha hewani huachia sehemu yake kama oksidi ya naitrasi, gesi ambayo, kwa uzito ule ule, inapasha dunia joto mara 270 hivi kuliko kaboni dayoksaidi. Miti nayo ikilishwa kupita kiasi inaota majani mengi na mizizi michache, na ukame ukija, ile iliyozoea kulishwa ndiyo inayokufa zaidi. Na bakteria wenye uwezo wa kuhimili antibiotiki wanapata mahali pa kukutana na wenzao na kugawana uwezo huo.

Kuna utafiti mmoja kuhusu hili unaonikaa akilini. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha kaa wadogo wa mikoko, wale ambao dume ana gando moja kubwa, katika sehemu za pwani ya Afrika Mashariki zinazopokea majitaka ya mji na sehemu zisizopokea. Kwenye majitaka kaa walikuwa wengi. Ukipita ungesema mambo ni poa. Lakini kila kaa alikuwa akigeuza mchanga kidogo kuliko mwenzake wa mahali safi. Kwa nini? Chakula chake ni bakteria na mwani mdogo mdogo wa kwenye matope, na sasa chakula kilikuwa tele. Anashiba mapema, anapumzika. Na kazi ya kaa ya kugeuza udongo ndiyo inayoingiza hewa humo ndani. Kaa wameongezeka, kazi imepungua. Kwa macho tu huoni kitu.

Hapa ndipo swali letu linapoanza kuuma. Kama tungesema kila uhai unahesabika, bakteria mmoja sawa na mwingine, basi ingebidi tuseme majitaka ni sadaka kubwa. Tumewalisha mabilioni! Na kama tungesema anayehesabika ni yule tu anayeweza kuumia, kama alivyosisitiza Peter Singer mwaka 1975 alipoandika juu ya wanyama, basi matope hayana lolote la kutudai. Njia ya kwanza inatuambia tunafanya wema. Ya pili inatuambia hatufanyi chochote. Na bado mtu akisimama kwenye mikoko iliyogeuzwa choo cha mji, anajua kuna kitu kimekosewa.

Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné kule Gabon, aliishika njia ya kwanza hadi mwisho. Mwaka 1915, akiwa ndani ya boti kwenye Mto Ogooué, alipata wazo lake la heshima kwa uhai wote. Lakini yeye ni daktari. Alifurahia dawa mpya za malale, kisha akakiri kwamba kila akitazama vimelea vya ugonjwa huo kwa darubini anakumbuka kuwa anatoa uhai mmoja ili aokoe mwingine. Namheshimu kwa ukweli wake. Lakini msimamo huo unamwacha mtu na majuto yasiyo na kazi. Hauwezi kumwambia mwenye hoteli wa Diani afanye nini Jumatatu.

Nadhani kosa la njia zote mbili ni kumtafuta mwathiriwa mmoja mmoja. Tunataka tumwone bakteria fulani aliyeonewa, tumpe jina, tumlilie. Hayupo. Kilichoonewa ni mpangilio: nani anakula nini, nani anampa nani nafasi, na mwendo ule wa polepole uliozika kaboni kwa karne nyingi. Mmarekani Aldo Leopold aliandika mwaka 1949 kwamba udongo, maji, mimea na wanyama ni jamii moja, na sisi ni wananchi wa kawaida ndani yake. Wazo hilo ni zuri, ila kwa mtu wa Kwale si geni sana. Nenda Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Unafungwa kaniki nyeusi, unaingia kwa utaratibu, na hutoki na kitu, hata ukuti. Hakuna mzee wa kaya anayekuambia kwamba ukuti ule utasikia maumivu. Makatazo ni ya mahali pazima. Mahali pana heshima yake, na wewe ni mgeni hata kama umezaliwa jirani.

Wazee waliolinda kaya hawakuwa na darubini. Hawakujua habari za salfeti. Walichokuwa nacho ni ile tabia ya kusema: kuna kitu hapa kikubwa kuliko ninavyokijua, basi nisikivuruge kwa sababu ya ujinga wangu. Sisi tumepata darubini, tukasoma DNA, na ile tabia tumeiacha mlangoni.

Lakini ngoja, utasema, hii yote si ni namna ya kuzunguka tu? Mwisho wa siku tunalinda matope kwa sababu ya watu. Sawa, tuanze na watu, maana hapo deni liko wazi. Watu wa Gazi na Makongeni wameacha kukata miti ambayo babu zao walikata bila kumwomba mtu ruhusa. Wamefunga mkanda ili udongo ule ukae salama. Anayemwaga uchafu juu ya mto anakula jasho lao bila kulipa. Hapo huhitaji falsafa yoyote ya bakteria. Unahitaji tu ile haki ya kawaida ya jirani na jirani. Mchuma janga hula na wa kwao, na huku pwani wa kwao mara nyingi ni watu wasiojua hata janga lilichumwa wapi.

Ugumu unakuja tukitafuta mkosaji. Shimo langu moja halibadilishi kitu. Lako pia. Choo cha mama mwenye vyumba sita vya kupangisha Ukunda hakipimiki baharini. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit alilichambua jambo hili mwaka 1984 katika Reasons and Persons: tunajidanganya tunapodhani kwamba madhara yasiyoonekana si madhara, kana kwamba sufuri nyingi zikijumlishwa zitabaki sufuri. Sisi tunayo methali ya hesabu hiyo tangu zamani, tunaitumia kwa kuweka akiba tu: haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha majitaka nacho kinajaa hivyo hivyo.

Hata hivyo deni haligawanywi sawasawa. Mpangaji wa chumba kimoja hana uwezo wa kuchagua shimo lake liweje. Lori la kunyonya lina bei, na bei hiyo inaweza kuwa ada ya shule ya mtoto. Hoteli yenye bwawa la kuogelea na wageni wanaolipa kwa dola ina uwezo wa kujenga mtambo wa kusafisha maji yake. Kaunti inayokusanya ushuru ina uwezo zaidi ya hapo. Ukihubiria wote kwa sauti moja, anayesikia ni maskini, na anayejificha nyuma ya mahubiri ni tajiri.

Turudi sasa kwa lile swali la kuzunguka. Je, ukitoa watu, matope yanabaki na dai lolote? Tazama jinsi tunavyobadilika pesa zikitokea. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwemo, yana vijiumbe vinavyoishi kwenye maji ambayo yangetuchubua ngozi. Sampuli zilichukuliwa, na vimeng'enya vilivyotokana nazo vikaingia viwandani, pamoja na kazi ya kupausha jinzi ili zionekane zimevaliwa. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani kudai mgao wa Kenya. Dai lilikuwa la haki, sina ubishi. Lakini ona mwelekeo wake. Siku ile vijidudu vilikuwa vyetu, mali ya taifa, urithi wa watoto wetu. Siku nyingine zote ni uchafu wa kumwagiwa dawa. Kitu ambacho thamani yake inaanza siku ya malipo na kuisha siku hiyo hiyo, hatukithamini, tunakiuza tu.

Nipe nafasi ya jaribio moja la mawazo. Tuseme kesho inakuja mashine. Inasafisha maji, inahifadhi kaboni, inazuia mawimbi, inazalisha samaki, yote anayofanya mkoko na matope yake, na kwa bei nafuu. Gazi wanalipwa mara mbili ya wanacholipwa leo. Je, ni sawa kuijaza ghuba kwa saruji? Kama matope ni chombo tu, jibu ni ndiyo bila kusita. Nimewauliza marafiki kadhaa swali hili, na karibu wote wanasita. Mmoja alisema, "Hiyo ni kama kumtupa nyanya kwa sababu umenunua rice cooker." Wakacheka, lakini nadhani alikuwa amegusa penyewe. Kuna vitu tunavyovitegemea ambavyo vilikuwepo kabla yetu, vilitulea bila kutuuliza jina, na uhusiano wetu navyo haukuanza kwa mkataba. Bakteria wanaopumua bila oksijeni walikuwepo duniani kabla ya hewa hii tunayoivuta kuwepo. Na oksijeni yenyewe ilitengenezwa kwanza na jamaa zao, bakteria wa kijani-buluu. Sisemi tuwaabudu. Nasema shukrani ni deni, hata anayedai akiwa hajui kwamba anadai.

Kusita huko hakuthibitishi kitu peke yake. Watu husita kwa mambo mengi ya kipuuzi. Lakini kunatosha kumhamishia mzigo yule anayetaka kumwaga. Yeye ndiye aeleze, kabla ya kumwaga, kwamba hataharibu asichoweza kukitengeneza. Leo mambo yako kinyume: mwanakijiji ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba ameumia.

Ajabu ni kwamba sheria yetu imeshatutangulia. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Halafu Ibara ya 70 inasema jambo ambalo wengi hawalijui: ukienda mahakamani kudai haki hiyo, huhitaji kuonyesha kwamba kuna mtu yeyote aliyepata hasara au kuumia. Soma tena taratibu. Waliotuandikia Katiba walikubali kwamba mazingira yanaweza kukosewa hata pale ambapo hakuna mgonjwa wa kumleta mbele ya hakimu. Hawakutaja bakteria, lakini mlango waliouacha wazi unawatosha.

Kwa hiyo matope ya Gazi yanatudai nini? Hayadai tuache kunawa mikono, wala tumlilie kila kijidudu. Yanadai tusiyavuruge kwa uvivu. Uvivu ndio neno lenyewe, maana uchafu mwingi wa pwani haumwagwi kwa chuki. Unamwagwa kwa sababu kuuliza ni kazi. Desemba ikija nusu ya Nairobi itakuwa Diani. Watu watauliza kama kuna Wi-Fi, kama kuna AC, ufuo uko mbali kiasi gani. Ongeza swali moja kwenye hiyo orodha, mwulize mwenye nyumba au meneja wa hoteli: choo chenu kinaenda wapi? Akijibu bila kigugumizi, mlipe pesa zake kwa moyo mweupe. Akibabaika, mwulize tena. Na wewe unayeishi Ukunda mwaka mzima, mwulize mwakilishi wadi wako swali hilo hilo, kabla hajaja kukuomba kura.